Sababu ya Nne

Stoo ya Chakula, Shule ya Bweni
3 Machi

Mama Vipimo,

Bomba jipya la sindano nimelipata, pamoja na salamu zako. Bomba ni zuri. Salamu zilikuwa fupi kama za mtu anayekimbilia gari.

Nakuandikia nyuma ya ratiba ya chakula ya mwaka jana kwa sababu huku stoo walikonitupa hakuna karatasi nyingine, na simu hainifai tena. Tangu mnikate koo kwenye ule upasuaji wa Julai sauti yangu imebaki mnong'ono. Juzi nilimpigia fundi wa paa, akadhani ni upepo, akakata.

Nina kesi. Wewe ndiye msomi wetu, afisa lishe wa hospitali nzima, kwa hiyo niamulie.

Jumatatu Kasuku alirudi na swali la sayansi. Unamjua huyu binti yangu, ana miaka tisa na mdomo hauna breki. Kaingia, katua begi, kaniuliza palepale: "Baba, kwa nini tunakula? Mwalimu kasema tutaje sababu." Halafu akaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba amenitukana. Mama yake kule jikoni akaangusha kifuniko cha sufuria. Wote wawili wakautazama huu mpira wa kunilishia unaoning'inia tumboni mwangu.

Nikachukua kalamu. Moja, kupata nguvu. Mbili, kujenga mwili. Tatu, kujikinga na maradhi. Hizo tatu ni zako, uliniimbia tangu uko chuoni, naziweza hata usingizini. Nikaongeza ya nne: Kwa sababu tunataka.

Daftari likarudi. Tatu za kwanza zimepata vema. Ya nne imepigwa kosa kwa wino mwekundu, pembeni mwalimu kaandika: "Jibu liko nje ya mada."

Nje ya mada! Mdogo wangu, nimelisha watoto mia nne kwa miaka ishirini na miwili. Sijawahi kumwona hata mmoja akisukumana kwenye foleni kwa ajili ya protini. Nimemrudishia daftari na barua fupi ya heshima, naye kanijibu kwamba kutaka si kazi ya chakula mwilini. Sasa nataka neno la mtaalamu.

Na kabla hujanijibu, lifikirie hili. Huu karibu mwezi wa nane napata sababu zako zote tatu kwa bomba. Uzito umeongezeka, kidonda kimefunga, hata mafua sijaugua. Sababu zote ninazo. Na sijala.

Kaka yako,
Mpishi Mkuu (wa kulinda magunia)

*

Kitengo cha Lishe, Hospitali
10 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia uzito umepanda. Hiyo ndiyo habari ya kwanza niliyoitafuta kwenye barua yako, na uliiweka mwishoni makusudi.

Mwalimu yuko sahihi. Usinune.

Mwili hauachi kutumia hata ukiwa umelala. Moyo unapiga, mapafu yanapanda na kushuka, ubongo haufungi duka. Vyote hivyo vinataka nguvu, na nguvu inatoka kwenye wanga na mafuta. Protini inaziba panapochakaa, na wewe ulichanwa shingo nzima, kwa hiyo ulihitaji nyingi kuliko mtu mzima mwenye afya. Vitamini na madini ni kidogo sana kwa kipimo, lakini vikikosekana kila kitu kinakwama. Maji yanabeba vyote. Maharage yakisagwa yakapita kwenye mpira, tumbo linayapokea kama lilivyoyapokea zamani, halina habari kwamba hayakupita mdomoni. Kwa hiyo umekula, Kaka. Mara tano kwa siku, mililita mia tatu kila mara, bila kukosa. Wapo wagonjwa wangu wanaotamani kula kama wewe.

Naomba tu ile karatasi niliyokuandikia ifuatwe kama ilivyo. Niliinakili kwa mkono wangu kutoka kwenye cheti cha kutoka hospitali kwa sababu mwandiko wa daktari hausomeki, nikaandika kwa herufi kubwa ili hata wifi akiwa na haraka aione: ASIPEWE KITU CHOCHOTE KWA MDOMO. Ibaki ukutani pale jikoni.

Januari uliniuliza kama kuna siku ya kurudi kwa daktari. Ana wagonjwa wengi. Wakikuhitaji watakuita.

Mbusu Kasuku. Mwambie shangazi yake anasema sababu ni tatu.

Mdogo wako,
Afisa Lishe

*

Nyumbani
15 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo kidogo. Kaka yako hajui kwamba nakuandikia, naomba na wewe ufe nalo.

Nitubu kwanza. Tangu atoke hospitali, mimi na Kasuku tunakula kwa kujificha. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona aibu kumwekea mtu wali mbele yake naye hawezi. Meza nikaisukuma ukutani, nikaipangia nguo za kupiga pasi, utadhani ni duka la mitumba. Napika yeye akiwa kazini, nafungua madirisha harufu itoke, tunakula tumesimama nyuma ya nyumba karibu na karo, harakaharaka kama wezi. Akirudi anakuta nyumba inanuka sabuni. Nikajiona nina huruma kweli.

Jumamosi akarudi mapema. Tukameza vilivyokuwa mdomoni, tukaingia ndani tunatabasamu. Kaka yako akamtazama mtoto, akamsogelea, akambandua ganda la harage shavuni. Akalishika kwenye ncha ya kidole, akalitazama weee. Kisha akaandika kwenye kile kijitabu chake: "Tangu lini?"

Nililia, Wifi. Yeye hakulia. Aliondoa nguo zote juu ya meza, akaziweka kitandani, akaivuta meza mpaka katikati ya chumba, peke yake, na ule mpira umefungwa kiunoni. Akapanga viti vitatu. Akaandika tena, kwa herufi kubwa kuliko zako: "SIJAFA. LETE CHAKULA."

Basi siku hizi tunakaa. Mimi na Kasuku sahani, yeye bomba lake amelining'iniza kwenye msumari. Siku ya kwanza sikuweza kumeza. Siku ya tatu Kasuku alianza kupiga domo kama kawaida, na kaka yako akacheka hadi bomba likatikisika. Mtoto alikuwa amekonda, Wifi, na mimi sikuona. Sasa anaomba kuongezewa.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo linaninyima raha. Nimeona kikombe cha bati pembeni ya kiti chake. Anachukua kipande cha kiazi kwenye sahani yangu, anatafuna polepole huku amefumba macho, kisha anatema kwenye kikombe. Hamezi, nimemchunguza. Ila nikitazama karatasi yako ukutani moyo unanidunda.

Nifanye nini? Na niambie ukweli, hivi hili jambo ni la mpaka lini? Karatasi yako haisemi.

Wifi yako

*

Kitengo cha Lishe
20 Machi

Wifi,

Asante kwa kuniambia. La kujificha usijilaumu, wengi wanafanya hivyo.

Hilo la kutafuna likome leo. Mate yenye chembe yakiteremka upande usio wake yanaingia kwenye mapafu, na mapafu yakiingiliwa na chakula mtu hana siku nyingi. Kificheni hicho kikombe. Akileta ubishi, mwambie ni mimi nimesema.

La mpaka lini, tuwe na subira.

Wifi yako

*

Stoo
2 Aprili

Mama Vipimo,

Kikombe changu kilipotea siku nne. Nilikikuta ndani ya kapu la nguo chafu. Nimemsamehe mke wangu kwa sababu hajui kuficha kitu wala kudanganya, uso wake ni dirisha. Wewe ndiye uliyemtuma, najua. Basi badala ya kunizunguka, nisikie mwenyewe.

Ndiyo, naonja. Natafuna na kutema. Nilianza Februari, hapahapa shuleni, kabla ya hiyo meza ya nyumbani.

Unajua kwa nini nipo stoo? Mwalimu mkuu alinikalisha, akanipa kiti na maji ambayo siwezi kuyanywa, akasema kwa upole mkubwa: "Mpishi asiyeweza kula atajuaje alichopika?" Nikaandika: "Kwa ulimi. Ulimi hamjaukata." Akasema tutaliangalia. Nikapewa funguo za stoo. Na yule kijana wangu wa zamani ambaye nilimfundisha hata kushika kisu, akapewa mwiko wangu mkubwa.

Wiki ya kwanza ya Februari, nikiwa stoo, nilisikia harufu ya maharage ya jikoni, kuta mbili katikati. Nikajua hayana chumvi, kitunguu kimeungua, na moto ni mkali. Nikavumilia siku moja. Ya pili nikaingia jikoni bila hodi, nikachota kwa kijiko, nikaonja, nikatema kwenye karo mbele ya wapishi wote sita. Nikaandika ukutani kwa mkaa: "Chumvi. Punguza moto. Kitunguu kianze upya." Wakafanya. Siku ile watoto walirudi kwenye foleni mara ya pili. Mwalimu mkuu aliona maandishi ukutani, akaniuliza nani kaandika. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi naingia, naonja, natema, naondoka. Anayetaka kunifukuza afanye hivyo mbele ya watoto mia nne walioshiba.

Umesema tumbo halina habari. Ni kweli. Mimi je? Mimi siyo tumbo. Mpira huu unanipa chakula nikiwa nasoma gazeti, nikiwa nanyolewa, hata nikiwa nimesinzia. Asubuhi haina tofauti na jioni. Njaa hainijii, na ikitaka kuja inakuta mililita mia tatu zimeshafika. Hivi unajua ninavyoikumbuka njaa? Ile ya kutoka kazini miguu inauma, unasikia mafuta yanalia kwenye kikaango cha jirani, unaongeza hatua. Nimeshiba miezi minane mfululizo na sijawahi kuwa na kiu ya kuishi namna hii.

Usinifundishe subira. Nimechemsha maharage miaka ishirini na miwili, najua kungoja. Lakini anayechemsha maharage anajua anangoja nini.

Wiki ijayo nakwenda zahanati ya hapa kubadilisha mpira, huu umeanza kuoza mdomo. Nikirudi nitakuandikia.

Kaka yako,
Mwonjaji

*

Nyumbani
17 Aprili

Muuguzi wa zahanati aliniuliza: "Kipimo cha kumeza ulifanyiwa lini?" Nikamwandikia kwamba sijui kipimo hicho. Akashangaa. Akawapigia hospitali yenu, wakamtumia nakala ya cheti changu. Nakunakilia, kwa kuwa mwandiko wa daktari hausomeki.

Cheti: "Asipewe kitu chochote kwa mdomo mpaka apimwe tena kumeza, wiki ya nane. Matumaini ni mazuri."

Ukuta wangu: "ASIPEWE KITU CHOCHOTE KWA MDOMO."

Wiki ya nane ilikuwa katikati ya Septemba.

Karatasi yako nimeibandua. Nieleze.

Kaka yako

*

Chumbani kwangu
25 Aprili

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Naandika nyumbani, si ofisini, kwa sababu hili si la ofisi.

Hakuna aliyekosea ila mimi. Nilikuwa nakunakilia cheti, nikafika kwenye neno "mpaka", mkono ukasimama. Nikaweka nukta. Niliona ninachofanya, Kaka, sikuwa nimelala. Septemba hospitali ilileta taarifa ya tarehe ya kipimo chako. Ilikuja kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeandikishwa kama ndugu wa karibu. Nikajibu kwamba mgonjwa bado hajawa tayari. Novemba wakaleta tena, nikajibu vilevile. Wakaniamini, mimi ni mwenzao.

Sasa nikuambie kwa nini, na usidhani najitetea.

Nilikuambia Mama alipigwa na kiharusi, akalala siku tatu, akafa bila kuamka. Ulifika kesho yake, ulikuwa umebanwa na chakula cha watahiniwa, ukaamini. Haikuwa hivyo. Kiharusi hakikumuua. Siku ya pili aliamka, nusu ya uso imelegea, akaniita jina langu la utotoni akasema anataka uji. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha wauguzi kwamba mgonjwa wa kiharusi apimwe kumeza kwanza. Nilikuwa na kitabu hicho ndani ya mkoba. Lakini alivyoniita vile nilisahau kazi yangu, nikabaki binti wa Mama. Nikamkorogea uji mwepesi, laini kadiri nilivyoweza, nikidhani wepesi ndiyo huruma. Nikamlisha kwa kijiko cha chai. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja. Kijiko cha sita akapaliwa. Alikohoa kidogo tu, nikamfuta, nikamwambia pole. Jioni homa ikapanda. Siku ya tatu mapafu yakashindwa.

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Sijamwambia mtu miaka mitano.

Walipokutoa chumba cha upasuaji na shingo imefungwa, niliapa kwamba hakuna kijiko kitakachokukaribia. Nilikupimia kila kitu mpaka tone la mwisho la maji ili usife. Na hukufa. Nikajiambia kwamba kama umenona na mafua hayakupati, basi nimefanya vyema, na hayo mengine ni anasa. Uliponiandikia "na sijala" nilicheka kwanza. Halafu nikafunga mlango wa ofisi.

Sina haki ya kukuomba lolote. Nimewaandikia wakufungulie nafasi ya kipimo. Nimewaambia na ukweli. Wameniita mbele ya kamati, ni haki yao.

Mdogo wako

*

Nyumbani
5 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, ikabidi nikae.

Nianze na Mama, maana yeye hayupo wa kujisemea. Miaka mitano nimeishi nikijua kwamba Mama alikufa na njaa. Hujui hilo kwa sababu sikuwahi kukwambia. Mimi, mwanawe mpishi, nalisha watoto wa watu kumbe mama yangu amelala siku zote zile kinywa kikavu. Nilikuwa nikichota uji wa asubuhi shuleni naona uso wake kwenye sufuria. Leo unaniambia aliamka, akataka uji, akapewa, akala vijiko sita, na alikuwa anatabasamu. Ulikosea, ndiyo. Ungempima kwanza, ungemkorogea mzito. Lakini hakuondoka bila kula. Hilo nalipokea kwa mikono miwili, na usilibebe tena peke yako. Tutalibeba wawili.

Hilo ni la Mama. Sasa la kwangu.

La kwangu sikusamehi. Bado. Miezi saba! Miezi saba mke wangu anakula karibu na karo. Miezi saba mtoto anakonda ili mimi nisione wivu. Wameninyang'anya mwiko, na mimi nimekaa juu ya magunia nadhani ndiyo basi tena, kumbe dawa ilikuwa neno moja ulilolificha kwenye kalamu yako. Ulinilinda kama yai, nami si yai. Ungeniambia: "Kaka, kuna kipimo, nakiogopa, unaweza kupaliwa ukafa." Ningekujibu kwa maandishi makubwa: NIPIME. Uamuzi ungekuwa wangu. Koo ni langu, na kufa kwangu ni kwangu, na kula kwangu pia. Hukuwa na ruhusa ya kuogopa kwa niaba yangu.

Kipimo ni tarehe 18 Mei, saa tatu asubuhi. Nakuja na mke wangu. Siku hiyo usikanyage chumba kile. Sitaki kukuona mlangoni, sitaki kukuona dirishani, sitaki uniletee mto. Nikipaliwa, nitapaliwa kwa akili zangu timamu.

Kaka yako

*

Kitengo cha Lishe
11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sitaingia. Nimekuelewa.

Kamati imeniachia kazi, kwa onyo. Sitashika tena faili la ndugu yangu yeyote. Wamefanya sawa.

Neno moja la kazi, kisha ninyamaze. Unapomeza, inamisha kidevu kifuani, koo linajifunga vizuri zaidi kwa upande wa hewa. Na watakupa vikombe viwili, kimoja cha uji mzito na kimoja cha maji. Usiyadharau maji. Watu wanaogopa uji na kuyaamini maji, ilhali kwa koo lililochanwa uji mzito unakwenda taratibu, koo linawahi kujifunga, na maji yanakimbia kabla halijajiandaa. Hilo ndilo nililolisahau siku ile.

Mdogo wako

*

Nyumbani
21 Mei

Mama Vipimo,

Najua mke wangu ameshakupigia simu, na Kasuku ameongea zaidi yake. Lakini wale hawakuwa kwenye kiti kile, nisikilize mwenye koo.

Chumba ni kidogo, kina mashine ya picha na kiti kama cha kinyozi. Daktari ni binti mdogo hivi, angekuwa mwanafunzi wangu ningempa kijiko cha ziada. Akaniuliza kama nina hofu. Nikamwandikia kwamba nina njaa. Haikuwa kweli, asubuhi nilikuwa nimeshamimina mililita mia tatu, lakini niliona ndilo jibu linalonistahili.

Akaleta kikombe cha uji. Mzito, mweupe, umechanganywa na dawa ya kung'aa kwenye picha. Nikachota, nikaweka ulimini.

Madonge.

Mdogo wangu, uji ulikuwa na madonge! Madonge mawili, moja kubwa limejificha chini ya ulimi. Hospitali nzima yenye wapishi wa kulipwa, na kuna mtu mmoja tu chini ya jua hili ambaye tangu ana miaka saba hajawahi kukoroga uji ukalainika. Mama alikuwa akikupa mwiko na kutoka nje ili asione. Nilikukataza chumba, ukapita jikoni. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana kicheko kilikuwa kinanijia na daktari ananiambia nisicheke, nitapaliwa.

Nikatema. Ndiyo, la kwanza nililitema, kwa mazoea ya miezi mitatu. Daktari akasema: "Baba, safari hii meza."

Hapo ndipo niliogopa. Nakuambia wewe peke yako, sijamwambia hata mke wangu. Nikachota tena. Nikainamisha kidevu kama ulivyosema. Nikalisukuma lile donge lako nyuma, nikafumba macho, nikameza.

Likashuka. Nililisikia likipita shingoni, likiteremka kifuani, likifika. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna njia ndefu kiasi hicho ndani ya mtu. Binti wa mashine akasema safi. Nikameza mafundo tisa zaidi kabla hajaniambia inatosha, na la kumi na moja nilimeza baada ya kuambiwa.

Maji nimeshindwa. Nilikohoa mpaka machozi, yakaonekana kwenye picha yanachungulia upande wa hewa. Kwa hiyo maji bado kwa mpira, na mpira utakaa miezi mitatu mingine tukiangalia. Vyakula vizito, laini, kidogo kidogo, nikiwa nimekaa wima. Ametia saini, na nimehakikisha ameandika mpaka lini. Cheti chenyewe nimekipigilia ukutani, mwandiko wake mbaya na wote.

Jana mchana nilipika mwenyewe. Viazi vya kupondwa, mchuzi wa maharage niliyoyasaga nikachuja maganda, chumvi kadiri ninavyotaka mimi. Nikakaa kwenye meza yetu, katikati ya chumba. Vijiko kumi na vinne, na kila kijiko kilitaka dakika zake. Mke wangu na Kasuku walishamaliza zamani, lakini hakuna aliyenyanyuka. Kasuku alikaa ameshika shavu bila kusema neno mpaka nilipokwangua sahani. Kasuku huyuhuyu! Nikajua hilo nalo nitalikumbuka. Na jioni, mdogo wangu, saa kumi na mbili kasoro, nikiwa nafunga dirisha, tumbo likanguruma. Nilisimama pale nikalisikiliza. Nikamwita mke wangu aje asikilize.

Jumatatu naingia jikoni kwangu na kuuchukua mwiko wangu. Yule kijana ameshaniletea mwenyewe ujumbe kwamba unanisubiri kwenye msumari wake. Mwalimu mkuu akitaka kuniuliza kama naweza kula, namkaribisha foleni.

Daftari la sayansi bado lina alama nyekundu kwenye sababu ya nne. Mwalimu hajabadili, na mimi sijabadili, na Kasuku amekataa kuifuta.

Nawe bado nimekukasirikia. Nataka ulijue hilo, nisije nikaonekana nimelainika kwa uji wenye madonge. Hasira hii itachukua muda wake, na siku ikiisha nitakuandikia. Lakini mke wangu ameniambia jambo. Anasema tangu Mama afariki hajawahi kukuona umekaa kwenye kiti ukala sahani ya chakula ukaimaliza. Anasema ukija hapa unapima, unagawa, unafuta meza, na unaondoka na biskuti mkobani. Nikajaribu kukumbuka ili nimpinge, nikashindwa.

Basi Jumapili njoo. Mizani iache huko. Nimekuwekea kiti cha nne, na nitakupakulia mimi, na hutasimama mpaka sahani iwe nyeupe. Tutakula wote, wewe na mimi, kijiko kwa kijiko.

Na ukinitazama koo, hata mara moja, nakunyang'anya sahani.

Kaka yako,
Mpishi